Jengo la Huzur Halikuomba Kupimwa

Mwalimu Nüzhet Darıcalı,
Ghorofa ya Tatu, Jengo la Huzur,
Mtaa wa Fıstıklı,
Istanbul.

Kwa Mheshimiwa Mkuu,
Idara ya Kupima Majengo,
Manispaa yetu.

YAH: KUPIMWA KWA JENGO LETU, NA MATOKEO YAKE, AMBAYO HATUKUYAPENDA

Mheshimiwa Mkuu,

Nakusalimu kwa heshima zote, nikitumaini kuwa barua hii inakukuta mzima, wewe na wote wa ofisini kwako, mkiwa ndani ya jengo ambalo mmelipima wenyewe.

Mimi ni mwalimu wa muziki mstaafu. Nimeishi katika Jengo la Huzur tangu nilipooa, na wewe unajua kwamba jina hilo maana yake ni utulivu. Nasikitika kukuarifu kwamba tangu idara yako ituletee mhandisi, utulivu umebaki kwenye kibao cha mlangoni peke yake. Naandika kwa niaba ya wakazi wote wanaoyapinga matokeo ya upimaji, yaani mimi. Wengine walikuwa upande wangu mpaka wiki iliyopita, na sababu za kuniacha nitazieleza mbele, kwa kuwa nazo ni sehemu ya malalamiko.

Nimeyapanga kwa namba ili iwe rahisi kwako kuyajibu moja baada ya jingine.

1. Mhandisi wenu alikuja bila kuitwa. Nasema hivyo kwa sababu tulipoulizana ngazini, kila mmoja alikana. Baadaye Bi Mürüvvet wa ghorofa ya juu kabisa, mjane mwenye umri wa kuheshimika, alikiri kwamba ndiye aliyepiga simu, ila alikuwa amekusudia kuulizia habari za gari la takataka. Kijana aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, basi mazungumzo yakafika mbali.

Mhandisi mwenyewe anaitwa Binnur. Ni binti mwenye adabu, aliyevua viatu mlangoni kabla hajaambiwa. Kasoro yake ni mashine yake. Ilianza kutoboa nguzo ya chini nikiwa namfundisha mwanafunzi wangu, daktari wa meno ambaye ameamua kujifunza piano ukubwani. Sauti ya mashine hiyo iko katikati ya noti mbili, haijui ikae wapi. Daktari aliondoa mikono kwenye piano akasema kwamba leo, kwa mara ya kwanza tangu ahitimu, ameelewa wagonjwa wake wanajisikiaje. Hajarudi tena. Kwa hiyo hasara ya kwanza ni ya sanaa.

Kisha Binnur akatuita sote chini tuone alichokitoa. Kilikuwa kipande cha zege cha mviringo, kinene kama mkono wa mtu, na katikati yake mlikuwa na kombe la baharini, zima, jeupe, lenye mistari mizuri. Tulilipitisha mkono kwa mkono. Bi Mürüvvet aliomba apewe aliweke kabatini kwenye vyombo vya wageni. Ndipo binti akatueleza kwamba kombe hilo linamaanisha aliyejenga alichota mchanga ufukweni bila kuuosha, na kwamba chumvi imekuwa ikila nondo za jengo hili tangu siku lilipofunguliwa. Alitupa kipande cha nondo tukishike. Ukikibinya kwa vidole, kinamenyuka kama kitunguu.

Mheshimiwa, tumeishi na kombe hilo miaka yote hii bila kukosana. Kulikuwa na haja gani ya kutujulisha kwake?

2. Chini yetu, kwenye barabara, kuna duka la Fundi Hurşit anayeoka börek za jibini. Watu wanavuka mitaa mitatu kuzifuata. Binnur aliingia dukani, akatazama dari, akapima kwa hatua kutoka ukuta huu hadi ule, halafu akauliza kwa upole, "Fundi, nguzo ya hapa katikati iko wapi?"

Hurşit akamwambia akae kwanza, amechoka, ale. Binti akala. Akasifu. Akaongezewa, akala tena. Kisha akauliza lile lile swali kwa sauti ile ile.

Ukweli ni kwamba nguzo hiyo Hurşit aliiondoa zamani ili apate nafasi ya jiko kubwa. Wote tulijua. Mimi mwenyewe nilimpongeza, kwa sababu tangu hapo mtu akisimama mlangoni anaona börek zikitoka jikoni zikiwa bado zinanong'ona. Malalamiko yangu si kwamba binti aligundua. Malalamiko yangu ni kwamba alikula börek za mtu, akajifuta mdomo, akashukuru, na bado akaandika alichokiona. Sisi tulilelewa kwamba ukishakula kwa mtu, macho yako yanapungua nguvu kidogo.

3. Lugha iliyotumika kutupa matokeo. Nilitarajia barua ndefu ya kiofisi ambayo ningeisoma mara mbili bila kuelewa kitu, kisha nikaendelea na maisha yangu. Badala yake Binnur alikuja mwenyewe, akaketi sebuleni kwangu, akapokea chai, akasema maneno ambayo hata Bi Mürüvvet, ambaye siku hiyo hakuvaa kifaa chake cha kusikilizia, aliyasikia yote.

"Mwalimu," alisema, "jengo hili halijamkosea mtu. Lilijengwa tu na watu wenye haraka. Likija tetemeko kubwa, halitawapa muda wa kufika mlangoni."

Bwana Zihni wa ghorofa ya nne, karani wa forodha mstaafu, mtu ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa kutokubali jibu la kwanza, alimuuliza kama haiwezekani kuliimarisha tu, kulifunga vyuma huku na huku, mambo yaishe.

"Kwa majengo mengine inawezekana, na ningewashauri hivyo," akasema. "Lakini hapa zege lenyewe halishiki. Nikifunga chuma juu yake, nafunga kwenye biskuti."

Wote tukaangalia biskuti zilizokuwa kwenye sahani. Hakuna aliyechukua nyingine. Cavidan, mke wangu, alikuwa amezioka asubuhi hiyo.

Ushauri wake ulikuwa kwamba tulibomoe na tujengewe jingine papo hapo, na wamiliki walio wengi wakikubali, kazi ianze. Nikamuuliza tutaishi wapi wakati huo. Akasema atatusaidia kutafuta. Nikamuuliza kama jengo jipya litakuwa na dari zilizo juu kama zetu. Akasema hapana, hataki kunidanganya. Hapo unaona tatizo la idara yako, Mheshimiwa: mmeajiri mtu ambaye hata palipo na mwanya wa kudanganya anapita pembeni.

4. Hili nimeliondoa kwa ombi la mke wangu.

5. Maisha ya nyumbani. Kabla hajaondoka, Binnur alitupa maelekezo ya kujikinga wakati tunasubiri uamuzi: tufunge makabati ukutani kwa vyuma, tusiweke vitu vizito juu ya vitanda, tuwe na mkoba wa dharura karibu na mlango, na ardhi ikitikisika tuchutame chini ya kitu imara, tujifunike kichwa na kukishikilia kitu hicho mpaka itulie. Mke wangu amekuwa akinisikiliza miaka yote ya ndoa yetu bila kutekeleza hata nusu ya ninayomwambia. Maneno ya binti yule aliyatekeleza kabla chai haijapoa.

Kabati la nguo sasa limefungwa ukutani kama mhalifu. Rafu yangu ya vitabu vya noti, ambayo ilikuwa juu ya kitanda ili nikikosa usingizi ninyooshe mkono, imehamishiwa barazani. Kitanda kimesogezwa katikati ya chumba, mbali na dirisha, na mpaka leo nikiamka nanyoosha mkono kwenye swichi ya taa na kushika hewa. Sanamu ya shaba ya mtunzi wa muziki, ambayo wanafunzi wangu walinizawadia nilipostaafu, imeshushwa sakafuni nyuma ya mlango. Tayari imenijeruhi kidole cha mguu mara nyingi kuliko ambavyo tetemeko lolote limewahi kunijeruhi. Naomba hilo lihesabiwe kwenye takwimu zenu.

Kuhusu mikoba, kila nyumba imeandaa wake, na hapa napenda kuripoti kwamba maelekezo yenu hayakuwa wazi. Mliandika maji, chakula kikavu, tochi, filimbi, dawa, na "vitu vya lazima". Bi Mürüvvet ameweka koti lake la manyoya. Nilipomuuliza, alisema kwamba akiokolewa mbele ya kamera za televisheni hatakubali kuonekana na gauni la nyumbani, kwa maana dada zake wote huko Bursa watakuwa wanatazama. Bwana Zihni yeye hula biskuti za mkoba wake kila jioni na kuzirudishia asubuhi, akisema huko ni kukagua bidhaa.

6. Bwana Zihni. Hili linanihusu mimi binafsi, na nakuomba ulisome taratibu.

Yeye anakaa juu yangu. Tangu alipohamia, nikipiga piano anagonga sakafu yake kwa kisigino. Nikipiga taratibu anagonga mara moja. Nikikosea anagonga mara mbili, na sikuwahi kumwambia, lakini mara zote alikuwa sahihi. Hatukuwa tunasalimiana. Tukikutana kwenye lifti, yeye alitazama dari na mimi nilitazama vitufe, na lifti yenyewe ikilalamika kwa ile sauti yake ambayo ni noti ya mi bemoli, haijawahi kubadilika.

Tangu aliposikia habari za zege na biskuti, Bwana Zihni ameacha kugonga. Anaogopa kisigino chake kitaharakisha mambo. Sasa anatembea nyumbani mwake kwa soksi, namsikia kwa shida. Napiga muziki kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, na siwezi kujua kama nimekosea. Jioni moja nilipiga sehemu nzima vibaya kwa makusudi, nikasubiri. Kimya. Mheshimiwa, nilifunga piano nikakaa gizani kidogo. Mtu akikuzoea miaka hiyo yote halafu akanyamaza kwa ajili ya usalama, usalama huo una ladha gani?

7. Sasa nafika kwenye jambo lililonisukuma kuandika.

Jumamosi iliyopita alasiri wamiliki wote walikutana sebuleni kwangu kuamua. Binnur aliitwa ajibu maswali. Kabla ya kikao tulikuwa tumegawanyika vizuri, na nilikuwa na uhakika kwamba upande wa kukataa ungeshinda. Hurşit alikuwa nami, kwa sababu ya jiko. Zihni alikuwa nami kwa sababu alikuwa bado anatafuta jibu la pili. Bi Mürüvvet alikuwa hajaamua, akisema atafuata upande utakaokuwa na watu wanaocheka. Cavidan hakuwa nami, lakini nilidhani angeona haya kunipinga mbele ya wageni.

Nilikuwa nimesimama kando ya piano nikitoa hotuba. Nakumbuka nilikuwa nimefika mahali nasema kwamba jengo hili lilisimama mwaka wa tisini na tisa, usiku ule wa tetemeko ambao mji mzima ulilala bustanini, na kwa hiyo limeshafanya mtihani wake na kufaulu. Bwana Zihni alikuwa ndiyo kwanza amenyanyuka kwenye kiti akaongeze chai.

Bilauri zikaanza kuzungumza na visahani vyake.

Binnur alikuwa wa kwanza kuelewa. Hakupaza sauti. "Chini," alisema. "Wote chini, sasa."

Na watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya rangi ya mlango wa mbele wakaenda chini wote kwa pamoja kama wanakwaya. Cavidan alimvuta Bi Mürüvvet chini ya meza ya chakula. Hurşit na binti wakaingia upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Mimi nilijikuta chini ya piano, na ubavuni mwangu alikuwepo Bwana Zihni, bado ameshika bilauri. Bi Mürüvvet alipuliza filimbi tangu mwanzo hadi mwisho bila kuvuta pumzi, jambo ambalo mimi kama mwalimu wa muziki sijaliona kwa wanafunzi wenye nusu ya umri wake.

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wa Zihni. Sikumbuki nani alimshika mwenzake kwanza, na natumaini haitaandikwa kwenye ripoti.

Halikuwa kubwa. Baadaye redio ilisema kitovu chake kilikuwa baharini, Marmara, na hakuna aliyeumia mjini. Lakini kabla halijatulia tulisikia kishindo, na vumbi likajaa sebuleni. Bonge la lipu, refu kama mlango wa kabati, lilikuwa limebanduka darini na kutua kwenye kiti cha Bwana Zihni. Kiti kilikuwa kimepasuka katikati.

Wakati huo nyuzi za piano bado zilikuwa zinavuma juu ya vichwa vyetu. Zihni alikitazama kiti chake.

"Mwalimu," akasema, "piano yako ina miguu mizuri kuliko nyumba yako."

Nikamwambia ni piano ya zamani.

"Mimi pia ni wa zamani," akasema. "Na ninataka kuendelea kuzeeka."

Cavidan alipita akitumiminia sote marashi ya ndimu mikononi, kama desturi. Hurşit hakujipaka. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na unga bado mikononi, anamtazama Binnur.

"Mwanangu," akamwambia, "nguzo ile niliitoa mimi. Umeniuliza mara mbili nikakulisha börek. Niambie nifanye nini leo hii."

Binti akamwambia azime jiko, afunge duka, na kesho yake wataleta vyuma vya kushikilia dari kwa muda. Alikwenda kuzima jiko hapo hapo. Sasa mtaa mzima unakula börek za yule bwana wa kona ya pili, ambazo ni ngumu na jibini yake ni ya kubahatisha. Hili nalo naliingiza kwenye hasara.

Kisha wengine wote wakasaini kukubali kubomolewa. Walisainia juu ya piano yangu, Mheshimiwa, kwa kuwa meza ilikuwa imejaa vumbi. Bi Mürüvvet alisaini akiwa bado na filimbi mdomoni, na jina lake limepinda kidogo.

Sisemi kwamba idara yako ndiyo iliyoleta tetemeko lile. Mimi ni mtu msomi. Nasema tu kwamba lilikuja katikati ya hotuba yangu, mhandisi wenu akiwepo, kura zikiwa bado hazijapigwa, na lilikuwa waziwazi upande wenu. Katika kikao chochote halali, asiyekuwa mmiliki wa nyumba haruhusiwi kuchangia, sembuse kuangusha dari.

8. La mwisho linahusu sauti, na hapa nazungumza kama mtaalamu.

Nalijua jengo hili kwa masikio. Najua ngazi ipi inalia na inalia noti gani. Najua bomba la maji la Bi Mürüvvet linapofunguliwa, na upepo wa lodos unapotoka kusini najua dirisha la nani litaimba kwanza. Usiku wa tisini na tisa lililia, nililisikia, na ilikuwa sauti yake.

Jumamosi, nikiwa chini ya piano, nililisikia likitoa sauti nyingine. Ilikuwa chini kuliko kitufe cha mwisho cha kushoto cha piano, chini mahali ambapo hakuna jina la noti. Haikutoka darini wala ukutani. Ilitoka kule chini ambako nguzo zimesimama. Sikumwambia mtu. Cavidan aliniangalia kutoka chini ya meza, na baada ya wageni kuondoka akanikuta nimeweka sikio ukutani.

"Umeisikia," akasema.

Nikasema nimesikia nini.

"Nüzhet, mimi si mwanamuziki na nimeisikia. Nimekuvumilia wewe, na piano yako, na wanafunzi wako wasiojua kuhesabu. Lakini siwezi tena kulala nimeweka viatu kitandani tayari kwa kukimbia. Nataka nyumba ambayo nikivua viatu, nimevua."

Nilimwambia kwamba katika nyumba hii tumelea mabinti wawili, na kwamba hakuna mahali pengine mjini ambapo piano hii itatoa sauti kama inavyotoa katika sebule ile yenye dari ya juu. Akasema anajua. Akasema ndiyo maana amelia tangu asubuhi alipokuwa anaoka biskuti za kikao, na mimi sikuona kwa sababu nilikuwa naandaa hotuba.

Nalalamika kwamba maneno hayo yalisemwa nyumbani kwangu kwa sababu ya upimaji wenu.

Kwa sababu zote hizo, Mheshimiwa, naiomba idara yako yafuatayo:

Kwanza, mtupe tamko jipya kwamba Jengo la Huzur ni imara. Si lazima liwe imara kweli. Tamko linatosha, kama ilivyokuwa zamani.

Ikiwa hilo haliwezekani, basi matokeo yetu yahamishiwe kwenye jengo linalotazamana na letu, ambalo ni jipya, limejengwa kwa vipimo, na wakazi wake ni vijana wenye afya wanaoweza kustahimili habari mbaya. Wao wachukue karatasi yetu, sisi tuchukue yao.

Ikiwa na hilo lina ugumu, naomba tetemeko lenyewe liwekwe chini ya kanuni za jengo. Kanuni zetu ziko wazi: kitu chochote kinachotikisa, kikiwemo kukung'uta mazulia, kitafanyika Alhamisi peke yake, baada ya kutoa taarifa kwa majirani, na si wakati wa mapumziko ya mchana. Bi Mürüvvet ameifuata kanuni hii miaka yote. Sioni kwa nini ardhi ipendelewe kuliko mjane.

Na kama ardhi ni mkaidi, basi idara iiombe ingoje kidogo. Isingoje sana. Ingoje mpaka mimi na Cavidan tumalize umri wetu, na Zihni pia, na Hurşit apate mrithi wa jiko, na Bi Mürüvvet aonekane kwenye televisheni kwa sababu nyingine. Baada ya hapo sisi hatutakuwa na pingamizi.

Nakushukuru kwa muda wako. Nisalimie wote ofisini: wahandisi, makarani, dereva anayebeba ile mashine, na hasa yule kijana wa simu mwenye sauti nzuri, ambaye Bi Mürüvvet anauliza kama ameoa. Msalimie pia mama yake Binnur popote alipo, umwambie kwamba amelea vizuri, ingawa matokeo yake ni haya.

Wako mtiifu katika malalamiko,

Nüzhet Darıcalı
Mwalimu wa Muziki (Mstaafu)

N.B. Jibu lako usilitume Jengo la Huzur, kwa kuwa hakuna atakayelipokea. Lipeleke kwa shemeji yangu, Üsküdar, ambako mimi na Cavidan tumehamia tangu Jumapili asubuhi. Saini yangu Binnur aliichukua siku hiyo hiyo, ngazini, nilipokuwa nimebeba mito, na nikaiweka bila kusoma. Hapa ni pazuri, tunaona bahari, shemeji anapika vizuri, na Bwana Zihni amepanga chumba jirani, ukuta mmoja na sisi, na ameshaanza kuugonga. Ila jana, nikisubiri supu, niliigonga kidogo nguzo ya jikoni kwa kijiko, na kwa kweli sikupenda ilivyojibu. Naomba Binnur aje na vifaa vyake mapema iwezekanavyo, hata kesho, chai itakuwa tayari. Majirani wakiuliza ni nani aliyemwita, aseme alikuja mwenyewe.